Mwambie mtoto ukweli, usimwache akingoja

WATOTO wanapofunga shule, nyumba ya daktari huwa kama nyumba ya mtu mwingine yeyote: kelele, sahani chafu na ugomvi kuhusu televisheni. Likizo iliyopita niliamua kuumaliza ugomvi huo kwa kuchagua filamu mwenyewe. Nilichagua filamu ya vibonzo niliyoitazama nikiwa na umri wa miaka tisa, The Brave Little Toaster, iliyotengenezwa Marekani mwaka wa 1987 na kuongozwa na Jerry Rees. Hadithi yenyewe iliandikwa na Thomas M. Disch na kuchapishwa mwaka wa 1980.

Niliiona mara ya kwanza Kisumu, mtaa wa Tom Mboya, nyumbani kwa mjomba wangu. Alikuwa amesoma Uingereza na kurudi na mashine ya video na sanduku la kanda. Kwetu Kombewa wakati huo hatukuwa na stima. Tulikuwa na koroboi, mafiga matatu na redio ya betri ambayo baba peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuigusa. Tosta ya kwanza niliyoiona maishani mwangu ilikuwa ile ya filamu, nayo ilikuwa ikizungumza. Ya pili ilikuwa ya mjomba, jikoni mwake, na nakumbuka niliipita kwa adabu kama mtu ampitaye mzee.

Kwa wale ambao hawajaiona, hadithi ni hii. Vyombo vitano vya nyumbani, yaani tosta, taa ya mezani, blanketi la umeme, redio na mashine ya kufyonza vumbi, vimeachwa katika nyumba moja msituni. Mtoto aliyekuwa akija huko likizo, ambaye vyombo humwita bwana, haji tena. Miaka inapita. Gari linaposikika barabarani vyote hukimbilia dirishani kuona kama ni yeye, gari linapita. Hatimaye vinachoka kungoja na kufunga safari ya kwenda mjini kumtafuta.

Nilikuwa nimesahau jinsi filamu hiyo ilivyo na giza. Kuna kiyoyozi kilichokwama ukutani ambacho hasira inakipasua, kwa kuwa mtoto yule alikuwa mfupi, hakufikia vitufe vyake. Kuna ndoto ambamo tosta anatishwa na mchekeshaji aliyevaa kama mzimamoto. Kuna fundi anayechopoa sehemu za vyombo vilivyo hai na kuziuza. Na mwishoni kuna jaa la magari makuukuu, ambako kila gari linaimba habari za maisha yake kabla ya kupondwapondwa.

Binti yangu, mwenye umri wa miaka minane, aliupita ule mkasa wa mchekeshaji akiwa ameficha uso kwapani mwangu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, kwa nini hakuna mtu aliyewaambia kuwa hatarudi?"

Niliizima televisheni kwa muda. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

JE, FILAMU ZA KUTISHA ZINADHURU?

Kwanza nijibu lile ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara. Mtoto amepiga mayowe usiku, na mama anashikilia kwamba ni filamu aliyoiona kwa jirani ndiyo iliyomharibu. Je, ni kweli?

Mtoto mdogo hutazama filamu kwa njia tofauti na mtu mzima. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza tangu miaka ya 1920 kwamba watoto wadogo huvipa uhai vitu visivyo na uhai: jua linawafuata, kiti kilichowagonga kina ubaya. Ukimwonyesha mtoto wa miaka minne chombo kinacholia na kupondwa, usimwambie ni mchezo tu ukadhani umemaliza. Kwake yeye kuna mtu aliyekufa pale. Kwa hiyo filamu kama hii si ya mtoto wa chekechea. Aidha, Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa kati ya miaka miwili na minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya televisheni au simu, na aliye chini ya hapo ni heri asitazame kabisa.

Lakini mtoto aliyeanza kupambanua mambo hadhuriki kwa kuogopa kidogo. Sisi tuliolelewa pande hizi za ziwa tulitishwa kila usiku. Katika siwindhe, nyumba ya nyanya, tulisimuliwa sigana za zimwi Apul Apul hadi tukaogopa kutoka nje kukojoa. Mbona hatukuharibika? Kwa sababu Dani alikuwa pale. Tulikuwa tumebanana mkekani, na hadithi ilipozidi kutisha tuliweza kumshika mkono na kumuuliza, naye akatujibu. Kinachomdhuru mtoto ni kuachwa peke yake na hofu yake, awe mbele ya televisheni au penginepo.

Basi mzazi aketi na mtoto wake. Asimwachie filamu kazi ya yaya.

Na mtoto akipiga mayowe usiku, usikimbilie kulaumu filamu, wala majini, wala jirani. Mguse mwili. Hapa kwetu malaria ipo mwaka mzima, na homa kali huweza kumfanya mtoto aweweseke na kuona vitu ambavyo havipo. Akiwa na joto, mpeleke akapimwe damu usiku huo huo, usingoje kupambazuke. Akipatwa na degedege au ukishindwa kumwamsha, hiyo ni dharura. Ikiwa hana homa, angalia saa. Mtoto anayepiga mayowe mapema usiku, macho wazi lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki lolote, kwa kawaida ana tatizo la usingizi ambalo huisha lenyewe anapokua. Usimtikise, mlinde tu asijigonge. Anayeamka karibu na alfajiri akilia na kukusimulia alichokiona, huyo ameota ndoto mbaya. Msikilize, kisha keti naye mpaka alale.

MTOTO ANAYENGOJA SIMU

Sasa nirudie swali la binti yangu.

Zamani si nyingi nyanya mmoja alimleta mjukuu wake kwangu. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Mvulana wa miaka tisa, anaumwa tumbo, na hiyo ilikuwa mara ya nne katika muhula mmoja. Zaidi ya hayo alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka minne. Tulipima damu, mkojo, choo na sukari. Hatukupata kitu. Tayari alikuwa amepewa dawa za minyoo na za amiba kwingine, si mara moja.

Nilimwomba nyanya tuzungumze kando. Mama ya mtoto alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alizikwa kwa mumewe, ng'ambo ya ghuba, na mtoto akaachwa nyumbani. Aliambiwa kwamba mamake amekwenda Saudia kufanya kazi, kama walivyokwenda akina mama wengine kijijini. "Nilimwonea huruma, daktari," nyanya alisema. "Ni mtoto. Hawezi kuelewa."

Nikamuuliza anafanya nini nyumbani. Akasema kila simu inapolia, mtoto huacha anachofanya na kukimbia.

Ndugu msomaji, ningeweza kumlaumu bibi yule, lakini nilinyamaza, kwa kuwa namjua mtoto mwingine aliyefanyiwa hivyo. Ni mimi. Mwaka wa 1994 yule mjomba wangu wa Tom Mboya alifariki. Miaka hiyo watu walikuwa wakifa pande zetu na ugonjwa hautajwi kwa jina; ilikuwa ni Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipotangaza kwamba UKIMWI ni janga la kitaifa. Mama alikwenda Asembo kwenye mazishi, nasi watoto tukaambiwa mjomba amerudi Uingereza kusoma. Wiki iliyofuata mama alirudi na katoni. Ndani mlikuwa na kanda za video, pasi na ile tosta. Iliwekwa juu ya kabati, katika nyumba isiyo na stima, na hakuna aliyesema neno.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mtu anayesafiri hawagawii watu vyombo vyake. Nilielewa, lakini kwa kuwa hakuna aliyeniambia, sikuwa na ruhusa ya kulia. Muhula huo niliumwa tumbo mpaka nikakosa mitihani, nikatibiwa amiba mara mbili.

Hii ndiyo sababu nasema kumficha mtoto msiba si kumlinda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto anaona kabati la mama limefungwa. Anaona watu wazima wakinyamaza anapoingia. Anajua kuna jambo, na asipoambiwa atajitungia lake, ambalo mara nyingi ni baya kuliko ukweli. Mara nyingi atajilaumu.

Mvulana yule tulimwambia pamoja, nyanya akizungumza nami nikiwa nimekaa kando. Alilia sana. Kisha akauliza: "Kwa hiyo hakukataa kunipigia simu kwa sababu nilipoteza viatu?" Mwaka mzima alikuwa amebeba jambo hilo. Sitasema tumbo liliacha kuuma siku hiyo, lilichukua miezi. Lakini hakurudi tena kupimwa amiba.

Wapo watakaoniambia kwamba mila zetu hazimruhusu mtoto kusikia habari za kifo. Mimi nami nimezaliwa hapa. Mila hizo hizo zinaleta kijiji kizima kuomboleza kwa siku kadhaa, wakubwa kwa wadogo, mbele ya kaburi lililo hatua chache kutoka mlangoni. Huo uwongo wa safari ni wa juzi tu. Ulikuja na miji, na magonjwa ya aibu, na mazishi ya mbali.

Ni hivyo hivyo kuhusu mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI. Wengine humeza dawa kila siku wakiambiwa ni za kifua. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2011 kwamba mtoto wa umri wa kwenda shule aelezwe hali yake, hatua kwa hatua kulingana na anavyoelewa. Anayejiona amedanganywa ndiye anayetupa dawa chooni akifika kidato cha kwanza.

UFANYE NINI?

Kwanza, mwambie mapema, na aambiwe na mtu anayempenda. Asisikie kwa watoto wenzake kisimani.

Pili, tumia neno lenyewe. Sema amekufa. Usiseme amelala, kwa kuwa mtoto ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, kwa kuwa atangoja. Mtoto wa chini ya miaka mitano hudhani aliyekufa anaweza kurudi, hivyo atauliza tena kesho na keshokutwa. Mjibu vile vile, bila hasira.

Tatu, mwambie wazi kwamba si kosa lake, hata kama hajauliza.

Nne, mruhusu ashiriki. Akitaka kwenda kwenye mazishi, aende na mtu wa kumshika mkono. Akitaka kubaki na kitambaa au kikombe cha marehemu, mwachie.

Tano, anayeumwa tumbo au kichwa, anayekojoa kitandani tena au kushindwa ghafla shuleni, mpeleke hospitali apimwe kwanza, maana mtoto mwenye huzuni naye huugua malaria. Vipimo visipoonyesha kitu, mwambie daktari yaliyotokea nyumbani. Usituachie sisi kubahatisha. Na mtoto akisema anataka kufa au kumfuata aliyekufa, usimwache peke yake. Mlete siku hiyo hiyo.

Wenzangu madaktari na wauguzi nao nawasihi: kabla ya kumwandikia mtoto dawa ya amiba mara ya tatu, muulizeni anayemlea ni nani aliyetoka nyumbani asirudi.

Jioni ile niliiwasha televisheni tena, tukaimaliza filamu. Mwishoni bwana anapatikana. Anakuja jaani mwenyewe, tosta anajitupa kwenye magurudumu ya mashine ili kumwokoa, na bwana anaketi kumtengeneza. Binti yangu alifurahi, akaniuliza ile tosta ya mjomba iko wapi.

Ilikuwa bado kwa mama, juu ya kabati lile lile, ingawa sasa stima ipo. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kuitazama. Mama, ambaye sasa ni mzee, aliifuta vumbi kwa leso, na kwa mara ya kwanza akanisimulia jinsi ndugu yake alivyofariki. Nilikuwa nimengoja habari hiyo karibu miaka thelathini.

Kama kuna mtoto nyumbani kwako anayengoja, mwambie leo.