Kura Si Nikaha

Kila ujapo msimu wa uchaguzi, mwandishi huingia katika mtihani usiomfika mpiga kura wa kawaida. Watu wa upande wake humtaka awe malenga wa chama, awasifu wagombea kwa mema waliyoyatenda na hata kwa yale ambayo hawakuyatenda. Akitaja kasoro moja, huambiwa amehongwa na upande wa pili. Akizitaja kasoro za pande zote mbili, huambiwa basi na akae kitako nyumbani siku ya kura, maana hana amtakaye. Sisi twaona kwamba iko njia ya tatu, na leo twapenda kumtazama mtu mmoja aliyeifuata kwa uwazi kuliko wengi: marehemu James Baldwin, mwandishi wa Marekani.

Baldwin alizaliwa Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, tarehe 2 Agosti 1924. Baba yake wa kambo alikuwa mhubiri, naye mwenyewe alihubiri kanisani tangu umri wa miaka 14 hadi 17. Mwenye sikio hakosi kuisikia mimbari katika nathari yake yote, ingawa kanisa lenyewe aliliacha. Mwaka 1948 alihamia Paris, na tangu hapo akawa mtu wa kwenda na kurudi, mguu mmoja Ufaransa na mguu mmoja kwao.

Alikuwa mtu mweusi katika nchi iliyomnyima mweusi haki. Tena alikuwa mwanamume apendaye wanaume, katika zama ambazo jambo hilo lilikuwa kosa la jinai katika kila jimbo la Marekani. Mwaka 1956 alitoa riwaya ya Giovanni's Room, ambayo kisa chake ni mapenzi ya wanaume wawili. Mchapishaji aliyemtolea kitabu chake cha kwanza aliikataa, akatafuta mwingine. Hakupenda kupachikwa jina la kikundi chochote, lakini hali yake hakuificha wala hakuiombea radhi. Msomaji anayo rai yake juu ya jambo hilo, nasi hatumnyang'anyi. Tulitajalo hapa ni kwamba hali hiyo ilimpa Baldwin jicho la peke yake katika siasa. Mtu ambaye hakuna chama kinachomhesabu kuwa mwana wa nyumbani hujifunza mapema kuitazama meza ya karamu akiwa mlangoni, na amwonaye aliye mlangoni huona mengi kuliko aliyekwisha kaa akala.

Hata miongoni mwa wapigania haki wenzake hakusalimika. Mwaka 1968 Eldridge Cleaver, mmoja wa viongozi wa Black Panther, alitoa kitabu ambamo alimshambulia Baldwin vikali kwa sababu ya mapenzi yake hayo, kana kwamba yalikuwa usaliti kwa watu weusi. Mwaka huo huo Cleaver alisimama kugombea urais wa Marekani kwa tikiti ya chama kidogo cha Peace and Freedom. Lakini dunia ni mzunguko. Miaka ya 1980 Cleaver huyo huyo alikuwa amehamia chama cha Republican, ilhali Baldwin aliyeitwa msaliti alikuwa pale pale alipokuwa. Ukali wa maneno, basi, si ushahidi wa uaminifu.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Jimmy Carter, aliyekuwa gavana wa Georgia, alichaguliwa rais mwaka 1976, na watu weusi walimpigia kura kwa wingi mno. Aliapishwa tarehe 20 Januari 1977, na katika hotuba yake alitaja haki za binadamu duniani. Siku tatu baadaye, tarehe 23, gazeti la New York Times lilichapa barua ya wazi ya Baldwin kwa rais huyo mpya. Hakumpelekea pongezi. Alimkumbusha wafungwa wa North Carolina, na hasa wale walioitwa Kumi wa Wilmington.

Hao walikuwa watu kumi, wanaume tisa weusi na mwanamke mmoja mzungu, waliohukumiwa mwaka 1972 kuhusiana na kuchomwa kwa duka moja la vyakula wakati wa ghasia za shule mwaka 1971. Vifungo vyao vikijumlishwa vilifika miaka 282. Ushahidi uliowafunga ulikuwa umekwisha kuoza, maana mashahidi wenyewe waliyakana maneno yao. Baldwin alitaka kujua: rais anayeyasemea mataifa mengine juu ya haki za binadamu, atawasemea nini hawa walio chini ya paa lake mwenyewe?

Msomaji na aitazame tarehe ile kwa makini. Ilikuwa siku ya tatu ya utawala. Hakungoja mwaka wa uchaguzi ndipo akumbuke manung'uniko yake, wala hakusema kwamba rais ni wetu, na apewe nafasi apumue. Kwa Baldwin, deni huanza kudaiwa siku ile ile linapokopwa. Na kudai huko, kwa sauti yake na za wengine wengi waliopiga kelele ndani na nje ya Marekani, hakukupotea bure. Mwaka 1978 Wizara ya Sheria ya serikali ya Carter yenyewe ilipeleka mahakamani maelezo ya kuwatetea wafungwa hao. Desemba 1980 mahakama ya rufani ilizifuta hukumu zile. Msamaha kamili wa gavana ulikuja tarehe 31 Desemba 2012, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa.

Ukafika mwaka 1980. Carter alitaka kurudi, na mpinzani wake alikuwa Ronald Reagan, mwigizaji wa sinema wa zamani aliyekuwa gavana wa California. Baldwin alimjua Reagan wa California, na lililomchukiza zaidi kwake lilikuwa dharau yake kwa maskini. Wakati huo huo hakuwa na sababu ya kumpenda Carter, ambaye alikuwa amemngojea miaka minne. Tarehe 1 Novemba 1980, siku tatu kabla ya kura, jarida la The Nation lilitoa makala yake juu ya jambo hilo.

Hatutayanukuu maneno yake, bali maana yake ndiyo hii. Kura yangu, asema Baldwin, yamkini haitanipa kazi, haitanipa nyumba, wala haitazuia vita vingine. Lakini huenda ikaniweka hapa muda wa kutosha niyaone maji yakigeuka, maana hayana budi kugeuka. Na ikiwa Carter atarudi, atarudishwa na kura za watu weusi, na kura hizo hazitakuwa za kumpenda Carter. Zitakuwa hesabu iliyopigwa kwa moyo baridi, njia ya kujinunulia muda.

Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa hili. Jahazi likikwama mchangani, nahodha hawezi kuyaamuru maji yajae. Awezalo ni kulihifadhi jahazi lisipasuke, na mabaharia wasitawanyike, mpaka bamvua lije liliinue. Kura ya Baldwin ilikuwa nguzo ya kuliegemezea jahazi. Hakudai kwamba ndiyo bahari.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya mtu aliyekata tamaa. Hasha. Aliyekata tamaa hapigi hesabu. Tena iko tofauti kubwa baina ya kura na nikaha. Nikaha ni ahadi ya mapenzi na kukaa pamoja, na mwenye kuifunga huku moyo wake uko kwingine ametenda dhuluma. Kura haimtaki mtu mapenzi. Yafanana zaidi na kodi ya chumba kibovu katika masika: mpangaji hulipa asije akatolewa nje mvuani na watoto, huku kiwanja chake anakichimbia msingi polepole. Akilipa, hamsifu mwenye nyumba. Asipolipa, atanyeshewa, na mwenye nyumba hatapungukiwa na usingizi.

Lakini mfano huu una upande wa pili wenye uchungu, na hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame. Muda ununuliwao kwa kura si wa maneno matupu. Kuna watu ambao miaka minne au minane ndiyo umri wao wote uliobaki.

Agosti 1980, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini New York, alipanda jukwaani kijana mmoja mweusi, Melvin Boozer, kiongozi wa jumuiya ya wapenda jinsia yao ya Washington. Jina lake lilipendekezwa kwa umakamu wa rais, si kwa kutaraji ushindi bali apate nafasi ya kusema. Aliwaambia wajumbe kwamba amekwisha kutukanwa kwa rangi yake na kutukanwa kwa mapenzi yake, na anaijua ladha ya matusi yote mawili. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, mojawapo ya vyama viwili vikubwa vya Marekani ilitia katika ilani yake maneno ya kupinga watu kubaguliwa kwa sababu hiyo.

Tarehe 4 Novemba Reagan alishinda majimbo 44, akapata kura 489 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 49 za Carter. Muda ule Baldwin alioutaka haukununulika. Juni 1981 wakubwa wa afya wa Marekani walitoa habari za kwanza za ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI, na waliouawa nao mwanzo kwa wingi kule walikuwa wanaume hao waliokuwa wamepata mstari mmoja katika ilani ya chama kilichoshindwa. Rais Reagan alikaa hadi Septemba 1985 ndipo akautaja mbele ya waandishi wa habari, na hotuba yake kubwa ya kwanza juu yake aliitoa tarehe 31 Mei 1987. Waliokufa Marekani walikuwa wamekwisha kupita 20,000. Boozer alikuwa mmoja wao, alifariki Machi 1987. Baldwin mwenyewe alifariki kwa saratani huko Ufaransa tarehe 1 Desemba mwaka huo huo.

Hatusemi kwamba Carter angeuzuia ugonjwa. Hakuna ajuaye hilo, na mwenye kudai kwamba ajua anauza upepo. Tusemalo ni kwamba waliosema mwaka 1980 kuwa wagombea wote ni mamoja, na kwamba mtu safi hana budi kukaa kando, walikuwa wakizitumia siku za watu wengine kuununua usafi wao wenyewe. Huku ndiko kujitakasa kulikomchosha Baldwin. Katika makala ile aliandika kwamba watoto wote ni wetu, popote duniani walipo. Mwenye kuyaamini hayo hawezi kuitazama kura kama kioo cha kujitazamia uso.

Walakini, kosa la upande wa pili ni kubwa vile vile. Kama kila baada ya miaka minne watu hununua muda, kisha wakalala, mwisho huwa wananunua usingizi. Chama kikijua kwamba kura zako kimekwisha kuzitia mfukoni, hakitakuuliza hali. Ndiyo maana barua ya Januari 1977 haiwezi kutenganishwa na makala ya Novemba 1980. Mwenye kusoma ya pili peke yake atamwona Baldwin mtu wa kuridhika na kidogo, na mwenye kusoma ya kwanza peke yake atamwona mtu wa kulaumu tu. Zikiwekwa pamoja ndipo adabu yake yaonekana: mdai rafiki yako tangu siku ya kwanza, na siku ya kura pima madhara kwa mizani, si kwa hasira.

Mnamo miaka ya 1960 Robert Kennedy aliwahi kubashiri kwamba mtu mweusi aweza kuwa rais wa Marekani baada ya miaka 40 hivi. Baldwin hakushangilia. Alisema la kumshughulisha si siku hiyo itakuja lini, bali mtu huyo atakuwa rais wa nchi ya namna gani. Mwaka 2008 siku ilikuja, na sisi wa Kenya tulicheza ngoma kwa kuwa baba yake Barack Obama alikuwa mtu wa Kogelo. Obama huyo aliingia madarakani akiwa hakubali ndoa za jinsia moja, akadaiwa na wale wale waliompigia kura, na tarehe 9 Mei 2012 akatangaza kwamba amebadili msimamo. Mahakama Kuu ya Marekani iliziruhusu nchi nzima tarehe 26 Juni 2015. Kisha Novemba 2024 Donald Trump alichaguliwa tena, na siku ile ile alipoapishwa, Januari 2025, alitia sahihi amri ya kwamba serikali itatambua mwanamume na mwanamke wa kuzaliwa tu. Maji yakijaa hupwa, na hilo pia ni la kutiwa katika hesabu.

Nasi huku twajua nini maana ya kuambiwa kwamba kura ni ya ukoo, na kwamba mwenye kuhoji ni msaliti. Twamjua pia yule msomi ambaye siku ya kura hulala mpaka adhuhuri, kisha miaka mitano akalalamika barazani. Wote wawili Baldwin ana neno nao. Wa kwanza humwambia kwamba kumchagua mtu si kumsamehe. Wa pili humwambia kwamba kuna jirani yake ambaye hana miaka mitano ya kungoja.