KUKATAA NAKO NI KAZI

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo zikisemwa pamoja huonekana kama zagombana. Moja yasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Ya pili yasema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Basi tushike ipi? Mimi naona kwamba zote mbili ni kweli, na ushahidi wake ni kazi moja kubwa ya siku hizi, yaani Linux.

Huenda baadhi ya wazazi hawajalisikia jina hilo, lakini kila mwenye simu ya Android anayo Linux mfukoni. Ni kiini kinachokaa kati ya mashine na programu nyingine zote. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, akaiacha wazi ili kila mtu aisome na kuitengeneza. Leo ina mistari zaidi ya milioni 30. Kila baada ya wiki 9 au 10 hutoka toleo jipya lenye mabadiliko zaidi ya 10,000, yaliyoletwa na watu zaidi ya 1,000 wa nchi mbalimbali.

Mbona basi chombo hakiendi mrama? Ni kwa sababu mlango u wazi, lakini una bawabu. Mtu akiona kasoro hutengeneza kiraka, akakipeleka kwa barua pepe kwa mtunzaji wa sehemu ile. Kiraka kimoja hutengeneza jambo moja tu, nacho lazima kieleze sababu yake. Hapo husomwa hadharani, mwandishi huulizwa maswali, na mara nyingi kiraka hurudishwa kikatengenezwe tena. Kikikubaliwa, mtunzaji hutia jina lake chini ya jina la mwandishi, kisha hukipeleka juu mpaka kimfikie Torvalds. Desturi hii ya kutia jina ilianza mwaka 2004, ili ijulikane kila kitu kimepita mikononi mwa nani.

Wako wasemao kwamba ukali huu huwavunja moyo wageni. Sikatai. Torvalds mwenyewe alizoea kuwaandikia wenzake maneno makali, hata Septemba 2018 akaomba radhi, akapumzika kwa muda, na zikawekwa kanuni za adabu. Lakini kosa lilikuwa katika ulimi, si katika kukataa. Viraka vibaya havikuanza kukubaliwa kwa sababu hiyo.

Tena tutazame yanayotokea bawabu akichoka. Iko programu nyingine, ndogo, ya kubana mafaili, iitwayo xz. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja asiyelipwa, naye akachoka. Akatokea msaidizi ambaye hakujulikana ni nani hasa. Akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka 2, akaaminiwa, kisha akatia humo mlango wa siri wa kuingilia katika kompyuta za watu. Uligunduliwa Machi 2024 na mtaalamu Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia katika kompyuta kwachelewa kwa nusu sekunde tu! Kwa maoni yangu, mtunzaji yule hakuwa mzembe. Wengi walitumia kazi yake, wachache mno walimsaidia kuisoma.

Wenzangu, hili latuhusu. Muhula uliopita kikundi chetu cha watu 5 kiliandika ripoti juu ya maji ya shule. Kila mmoja alileta ukurasa wake, nasi tukazibana kurasa bila kusomeana, maana hakuna aliyetaka kumuudhi mwenziwe. Katika ukurasa wa pili kisima kilikuwa na kina cha mita 12. Katika ukurasa wa nne, mita 20. Mwalimu aliuliza kama kisima kilichimbwa tena usiku ule. Tulistahili alama tulizopata.

Naomba basi kila kikundi kichague mtunzaji, na kila ukurasa usomwe na mtu mwingine, naye atie jina lake chini. Anayekataa aseme sababu, tena kwa adabu. Anayekataliwa asinune, bali arudi na kazi iliyo bora. Nasi tusimwachie mtunzaji mzigo wote peke yake. Hapo vidole vitakuwa vingi, na chombo kitafika bandarini.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu