Nyumba na Watu Wake: Siku Moja kwa Mwuguzi wa Wazee



Ametuandikia barua msomaji wetu mmoja, mwanamke mwenye watoto watano na mama mzazi aliyelala kitandani huu mwaka wa pili, akituuliza kama atakuwa ameasi akimpeleka mama huyo katika nyumba ya wazee. Ameitaja Sura ya Bani Israil, aya ya 23, pale Mwenyezi Mungu anapotuamrisha wema kwa wazazi wanapofikiwa na uzee hali wako kwetu, na kutukataza hata neno dogo la kuonyesha tumechoka nao. Hilo neno la kwamba wako kwetu ndilo lililomnyima usingizi.

Hatukuona vyema kumjibu tukiwa tumekaa juu ya viti vyetu. Nyumba za namna hii si nyingi katika pwani yetu. Unguja zajulikana zile za Sebleni na Welezo, na nyingine ziko hapa na pale. Tukaomba ruhusa katika mojawapo, ambayo hatutaitaja, tukafuatana na mwuguzi mmoja tangu asubuhi hata magharibi. Naye pia hatutamtaja, kwani ndivyo alivyotusihi.

Aliingia saa kumi na mbili na nusu. Mwenzake wa zamu ya usiku alimpa habari za wazee wote 18, mmoja mmoja: nani alilala, nani alikesha, nani hakutoka mkojo, nani alikataa uji. Sisi tulidhani kwamba baada ya hapo zitafuata dawa. Sivyo. Alinawa mikono akaenda kutazama ngozi zao.

Kwanza alimwamkia kila mmoja, "Shikamoo bibi," "Shikamoo babu," akangoja mpaka akapata marahaba yake, hata kwa yule ambaye marahaba yake ni kupepesa macho tu. Kisha akavuta pazia, akafunua sehemu moja na kuacha nyingine zimesitirika, akatazama kifandugu, nyonga, visigino, viwiko na kisogo. Wanaume hutazamwa na kuogeshwa na mwanamume, na yeye husimama nje ya pazia akiuliza; wala haingii ila pakiwa na dharura. Akatueleza kwamba uzito wa mtu asiyejigeuza huibana nyama baina ya mfupa na kitanda, damu ikakosa njia, na nyama ikaanza kufa huko ndani kabla ngozi haijaonyesha neno. Vitabu vingi husema utazame wekundu. Lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo yeye hupapasa kwa mgongo wa vidole: pakiwa na joto kuliko pa jirani yake, au pagumu, au pamekuwa peusi zaidi, hapo pana jambo.

Kitanda cha tatu kilikuwa na bibi mmoja ambaye hatutamsahau.

Bibi huyu aliletwa na wanawe miezi minne kabla ya sisi kufika. Ni watoto sita, wote wamemshika mama yao vizuri. Walimnunulia godoro jipya, wakampikia anachokitaka, wala hakukosa mtu wa kumsomea Yasini kila usiku wa Ijumaa. Lakini kila walipomgeuza alilia, wakamwonea huruma, wakamwacha alale chali. Ngozi ilipoanza kubadilika, walimsugua kwa mafuta asubuhi na jioni, wakamkalisha juu ya duara la nguo kama kata ya kubebea mtungi. Yote mawili yamezoeleka majumbani mwetu, na yote mawili yana madhara: kusugua kunaipasua nyama iliyokwisha dhoofu, na ile kata huzibana pembezoni njia za damu ya mahali pale palipokusudiwa kuponywa. Alipofika kwa mwuguzi huyu alikuwa na kidonda cha ukubwa wa ngumi, na ndani yake mfupa waonekana.

"Walimhurumia mpaka wakamdhuru," alisema mwuguzi, na hakusema kwa kulaumu.

Kukiosha kidonda hicho huchukua muda wa nusu saa kila asubuhi. Humpa kwanza dawa ya maumivu, akaendelea na kazi nyingine hata dawa ifanye kazi, ndipo arudi. Bibi huuma upindo wa kanga yake, na mwuguzi humwambia kila afanyalo kabla hajalifanya: sasa maji, bibi, sasa napangusa, sasa nafunga. Huhimiza apewe mayai na samaki, kwa kuwa nyama haioti bila ya chakula cha kuiotesha. Siku tuliyokwenda kidonda kilikuwa kimepungua hata kuwa kama kishimo cha kidole gumba. Binti yake wa pili alikuwapo. Huja kila asubuhi, na sasa ndiye anayemgeuza mamake kwa mikono yake.

Basi twamwambia msomaji wetu wa barua, kabla hatujaendelea, kwamba hukumu ya jambo lake ataipata kwa masheikh wa mji wake, watakaomwuliza hali yake yote. Lakini wanawe bibi yule walimweka mama yao kwao, na kidonda kikaja. Na binti yule hivi sasa mama yake hayuko nyumbani kwake, naye yuko karibu naye kuliko alivyokuwa.

Saa tatu zikaja dawa. Yeye hutazama jina la mtu, jina la dawa, kipimo, saa na njia, kisha hutazama tena, hata kama mgonjwa amemzoea miaka mingi. Wenye kisukari hawachomwi sindano mpaka sahani ya chakula iwe imekwisha fika, kwani sindano bila ya chakula yaweza kumzimisha mzee. Vidonge havivunjwi ovyo ili vimezwe kwa urahisi. Viko vilivyotengenezwa viyeyuke polepole, na ukivisaga dawa ya siku nzima humwingia mtu kwa mara moja.

Kulisha ndiko kulikotushangaza, kwa kuwa kila mmoja wetu hudhani anajua kulisha. Humketisha mzee wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko si cha kujaa, na hatii cha pili mpaka ameona koo limepanda na kushuka. Mzee anayepaliwa na chai humpa kitu kizito kidogo, mfano wa uji, kwa kuwa maji matupu huenda mbio kuliko koo lake. Na baada ya kula hamlazi. Humwacha ameketi nusu saa. Chakula kinachopotea njia hushukia mapafuni kikaleta homa ya mapafu, na wazee wengi hufa nayo, watu wa nyumbani wakasema ni baridi ya usiku.

Baada ya adhuhuri kazi hulegea kidogo, na hapo ndipo tulipomsikia babu mmoja, aliyekuwa nahodha ujanani mwake, akimwuliza mwuguzi kama kaskazi imeanza, maana chombo chake kinangoja. Aliuliza mara saba kwa hesabu yetu. Sisi tungalimwambia mara ya pili kwamba yeye hana chombo tena. Mwuguzi hakumkatalia wala hakumwongopea. Alimwuliza, "Nahodha, mlipokuwa mkitweka mlipitia wapi?" Mzee akaanza kueleza bandari moja baada ya moja, uso ukafunguka, akanyamaza kwa muda wa saa nzima. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Nahl, aya ya 70, kwamba wako katika sisi watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, wasijue kitu baada ya kuwa na ujuzi, na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo. Kwa hiyo asimcheke mtu.

Tulimwuliza kama yeye hachoki. Alicheka. "Nachoka, na ile 'ah' naisema," akajibu, "lakini naisemea uani, kwenye kamba ya nguo."

Wapo watu katika miji yetu wanaoidharau kazi hii kwa sababu ya nepi na uchafu, na mama mmoja tunayemjua alikataa posa kwa kuwa binti ni mwuguzi. Tungemkumbusha Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, aliyewatibu majeruhi katika hema ndani ya Msikiti wa Mtume, Madina, baada ya vita vya Khandaki mwaka wa 5 wa Hijra, yaani 627, na Saad bin Muadh akawa mmoja wa waliolazwa humo kwa amri ya Mtume mwenyewe.

Alasiri mwuguzi alituuliza swali lililokuwa likimsumbua. Wazee wake wengine mkojo huwatoka bila ya kujizuia, na kwa hiyo wameacha sala wakidhani haisihi, na wengine hulia kwa ajili hiyo. Tulimjibu kwa yalivyo madhehebu yetu ya Shafii: wakati wa sala ukiingia asafishwe, afungwe kitu kikavu, atiwe udhu, kisha asali hapo hapo bila ya kukawia, na afanye vivyo hivyo kwa kila faridha, kitakachomtoka baada ya hapo amesamehewa. Asiyeweza kusimama atasali ameketi, na asiyeweza kuketi atasali kwa ubavu, kama Mtume alivyomwelekeza Imran bin Husein. Mwuguzi aliandika yote nyuma ya karatasi ya zamu. Ilipofika magharibi wanawake watatu walitiwa udhu, na kitanda kimoja kikazungushwa kuelekea kibla, magurudumu yakipiga kelele sakafuni.

Msomaji wetu tumempelekea aliyotufundisha mwuguzi. Amgeuze mama yake kila baada ya muda wa saa mbili, amlaze mshazari na mto nyuma ya mgongo wala si juu ya nyonga kamili, aweke mto baina ya magoti na mwingine chini ya miguu hata visigino visiguse godoro; amnyanyue kwa shuka watu wawili, asimburute; anyooshe mikunjo; asisugue. Amekwisha tujibu. Usiku wa kwanza alimgeuza saa nne, saa sita na saa nane, na ndugu yake wa kiume, ambaye hajapata kuishika kazi hiyo, amechukua zamu ya alfajiri. Juu ya nyumba ya wazee hajaamua.