Etajere ya mbao si anasa, hata kwa mkimbizi wa vita

Manguredjipa inatoa mbao. Libuyu na muvula za misitu ya sekta ya Bapere, wilayani Lubero, zinapakiwa kwenye malori hadi Butembo, na nyingine zinavuka mpaka wa Kasindi kuelekea Uganda. Lakini katika nyumba nyingi za hapo hapo, unga wa muhogo uko chini, sufuria ziko chini, na daftari za watoto ziko chini ya kitanda, ambako panya anazisoma mbele ya mwalimu.

Jibu linalosikika ni moja: kupiga misumari kuna faida gani, na kesho watu wanaweza kukimbia tena? Jibu hilo halichekeshi. Mwaka 2024 mashambulizi ya ADF yalisukuma familia nyingi za Bapere kuelekea Njiapanda na Butembo. Kuna waliorudi, kisha wakakimbia tena.

Lakini ni kwa sababu hiyo etajere inahitajika. Usiku wa risasi hakuna muda wa kuwasha tochi na kupekua magunia. Kama kadi ya uchaguzi, buletini za watoto na dawa ya mgonjwa viko katika mfuko mmoja, juu ya ubao mmoja, mkono unavipata gizani. Nyumba yenye mpango inakimbia haraka kuliko nyumba yenye vurugu.

Gharama nayo si kubwa. Pale mbao zinapopasuliwa, vipande vifupi na mbao za pembeni zenye magome mara nyingi vinaishia kuwa kuni. Miguu minne, vipande vya kukingamisha na mbao tatu vinatosha. Ubao wa chini ukae shubiri moja juu ya udongo, na etajere isigusane na ukuta unaovuta maji. Miguu ipakwe chini mafuta machafu ya moteri ili mchwa asipande, lakini mafuta hayo yasifike penye chakula. Ifungwe kwenye nguzo isiangukie watoto. Mbao za kuwekea vitu zisipigwe misumari: zilazwe tu, ili mwenye kuhama aweze kuzibeba.

Faida nyingine inaonekana katika nyumba zilizopokea wakimbizi. Familia mbili zikitumia jiko moja, ugomvi unaanza na kijiko au chumvi iliyopungua. Kila familia ikiwa na ubao wake, mwenye nyumba hapotezi heshima, na mgeni hajioni mwizi. Vyombo vyake vichache, vilivyooshwa na kupangwa mbele ya macho, vinamkumbusha kwamba yeye bado ni mama wa nyumba.

Wanaoleta msaada wanapaswa kulisikia hilo. Gunia la unga linalolazwa kwenye udongo wenye maji linaota ukungu kabla ya kuisha. Mbao chache na misumari vingefuatana na gunia, na vijana waliojifunza useremala, wakiwemo wakimbizi wenyewe, wangelipwa kwa kazi hiyo.

Etajere haileti usalama. Hiyo ni kazi ya serikali, na wakaaji wasiache kuidai. Lakini wakati wanaingojea, si haki watu wanaoishi katikati ya msitu wakose ubao wa kuwekea sahani.