Kasumba Tuliyoisahau: Majina ya Dawa na Maumivu ya Mji wa Kale

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hajawahi kulitumia neno kasumba. Tumeliandika katika insha zetu kuhusu fasihi ya baada ya uhuru, tukazungumzia kasumba ya kikoloni na kasumba ya kuzidharau lugha zetu, hata tukausahau msingi wake. Kamusi zetu zingali zaeleza kuwa kasumba ni afyuni. Ninalirejesha neno hili nyumbani kwake kwa sababu utomvu wa mmea huo ndio uliozaa mofini na kodeini, na heroini iliyokita mizizi Mombasa tangu miaka ya 1980 si chochote ila mofini iliyobadilishwa kwa kemikali. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, hata hivyo, kila mmoja amepewa jina linaloficha undugu huo, na ni maoni yangu kuwa majina hayo yanatudhuru.

Shangazi yangu aliugua saratani ya mlango wa uzazi, akauguzwa nyumbani kwake Kibokoni hadi alipofariki. Maumivu yalipozidi alipewa mofini ya maji katika chupa ya plastiki. Ami yangu alilisoma jina lililoandikwa kwenye chupa, akaiweka juu ya kabati mahali ambapo hakuna mwanamke wa nyumba ile angeweza kuifikia bila kiti. "Hatumfanyi dada yetu teja siku zake za mwisho," akasema. Kwa usiku saba shangazi alilia. Sisi tulimsomea, tukampepea, tukamkanda miguu.

Katika nyumba hiyohiyo, droo ya jikoni ilikuwa na vidonge vya tramadoli vilivyobaki baada ya binamu yangu kupasuliwa goti. Mwenye jino alipewa, mwenye mgongo alipewa, msichana aliyeumwa na tumbo la mwezi alipewa. Hakuna aliyeviogopa kwa sababu vilikuwa na jina jema: dawa ya maumivu. Vilipokwisha, nilitumwa kemisti nami nikauziwa vingine bila kuulizwa cheti cha daktari, ilhali dawa hiyo haifai kuuzwa pasi na cheti.

Tazama basi kinaya chenyewe. Tramadoli, ijapokuwa hutengenezwa kiwandani, hufanya kazi pale pale ifanyapo mofini. Ikizidi, au ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi, huweza kuipunguza pumzi mpaka ikakoma. Aidha huweza kuleta degedege hata kwa mtu asiye na kifafa, hasa ikikutana na baadhi ya dawa za kutibu sonona. Mofini nayo, ikipimwa ipasavyo kwa mgonjwa wa saratani, humpa utulivu, wala haiharakishi mauti yake. Sisi tulimnyima aliyeihitaji, tukawagawia wasiohitaji.

Sitaki kumlaumu ami yangu kupita kiasi. Mtu aliyekulia Mji wa Kale amewaona vijana wa rika lake wakiisha kwa unga, na amewazika baadhi yao. Kosa lake ni la kisemantiki kabla ya kuwa la kitabibu. Hatukuwa tumempa maneno mawili ya kutenganisha mambo mawili. Mwili wa mgonjwa anayetumia mofini kwa wiki kadhaa huizoea, na ndiyo sababu haifai kukatizwa ghafla, bali hupunguzwa kidogo kidogo. Hayo ni mazoea ya mwili. Uraibu ni jambo jingine: ni kuitafuta dawa kwa udi na uvumba hata inapokuangamiza. (Neno uraibu lenyewe lina historia ya kufurahisha. Kwa wazee wetu lilihusu tambuu, tumbaku na vitu vya jinsi hiyo vilivyotumiwa kwa starehe, kabla hatujalitwika mzigo huu mzito.) Hali kadhalika, methadoni, ambayo Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, ni ya jamii hiyohiyo. Ng'ambo ya daraja, Kisauni, ipo kliniki inayoitoa. Ndugu mmoja wa ukoo huu hutumiwa kumtibu aliyejeruhiwa na nduguye. Neno dawa pekee, ambalo kwetu hubeba dawa ya meno, dawa ya panya na dawa ya mapenzi, haliwezi kuyabeba yote haya.

Maelezo ya matumizi nayo yana kasoro zake. Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kupewa bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa "1x3". Je, ni sentensi ya lugha gani hiyo? Haitaji saa. Mgonjwa humeza asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha akakaa usiku kucha bila kitu. Mofini ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, na wauguzi wengi humpa mgonjwa dozi kubwa zaidi wakati wa kulala ili asiamshwe. Hayo hayaingii katika "1x3". Kijiko nacho ni kipi? Cha chai huchukua mililita 5, kikubwa huchukua 15. Kwa dawa ya kikohozi pengine tutasamehewa, lakini kwa mofini tofauti hiyo ni mara tatu. Kikaratasi kilichomo ndani ya boksi, nacho, mara nyingi ni cha Kiingereza, kwa herufi ambazo mzee wa Kuze hazioni hata akivaa miwani.

Lipo jambo moja ambalo halijatufikia kabisa. Kodeini huwa haina nguvu mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na wapo watu ambao maini yao hufanya hivyo kwa kasi mno. Uchunguzi uliochapishwa miaka ya 1990 ulikuta hali hiyo kwa takriban asilimia 29 ya Wahabeshi waliopimwa, na kwa Wasaudi kiasi cha mmoja kati ya watano. Watoto wamekufa kwa dozi za kawaida. Ndiyo maana Ulaya ilizuia kodeini kwa watoto wadogo mwaka 2013, na Marekani mwaka 2017 ikaonya kuwa kodeini na tramadoli zisipewe walio chini ya miaka 12, wala mama anyonyeshaye asizitumie. Mji ambao nasaba zake zimepita Hadhramaut na Pembe ya Afrika una haki ya kuambiwa haya kwa lugha yake.

Wapo watakaosema kuwa hofu ni salama zaidi. Wataitaja Marekani, ambako kampuni ya Purdue ilianza kuuza OxyContin mwaka 1996 huku ikipunguza uzito wa hatari zake, ikakiri makosa mahakamani mwaka 2007 na tena 2020. Mwaka 2021 zaidi ya watu 80,000 walikufa huko kwa dawa za jamii hii, wengi wao kwa fentanili ya magendo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kuwa katika tani 298.5 za dawa hizi zilizosambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 tu. Wao walizama, sisi tumekufa kiu, na haifai kuiga hofu ya aliyezama. Uganda jirani ilianza mofini ya maji kupitia Hospice Africa mwaka 1993, na mwaka 2004 ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Sisi wa idara za Kiswahili tumesherehekea kifungu hicho cha 7 kwa makongamano. Napendekeza chama chetu kikae na wauguzi wa hospisi na wafamasia wa Mombasa, tuandike lebo. Kwa kuanzia, naleta rasimu hii ya chupa ya mofini:

"Dawa hii ni ya mgonjwa huyu pekee. Mpe kipimo kilichoandikwa kila baada ya saa nne. Pima kwa sirinji isiyo na sindano, si kwa kijiko. Mpe pia dawa ya kulainisha choo. Usiikatize ghafla. Ifungie mbali na watoto. Mgonjwa akiwa haamshiki, au akipumua polepole mno, usimwongezee. Tafuta msaada wa hospitali mara moja. Itakayobaki irudishe."

Nimesita baina ya "haamshiki" na "hazinduki". La pili ni fasaha zaidi, ila muuguzi aliyekuja Kibokoni usiku wa nane, akapanda kiti na kuiteremsha ile chupa, alitumia la kwanza, na ami yangu akamwelewa. Wataalamu wa isimu wanisahihishe.