Macho Yameshiba, Moyo Je?

Akina mama wenzangu, mwezi huu tunaitazama sinema ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona, au angalau mmeusikia muziki wake: Out of Africa, ya mwaka 1985. Ni ya siku nyingi, lakini mabinti zetu bado wanaitazama na kufuta machozi. Nao wakiulizwa wamelilia nini hasa, hawasemi. Husema tu, "Ni nzuri, mama." Basi tuutazame huo uzuri, tuone umefunika nini.

Nianze kwa kuipa haki yake. Mwelekezi Sydney Pollack aliileta kamera Kenya kwenyewe, na mpiga picha David Watkin akaitumia vizuri. Utaona treni ikikata mbuga, vilima vya Ngong vikiwa na ukungu wa asubuhi, mashina ya kahawa yaliyopangwa mistari, na ile ndege ndogo ikipita juu ya ziwa lililojaa heroe mpaka maji yanaonekana ya waridi. Nguo ni za kitani na hariri, kofia ni kubwa, vyombo vya mezani vinang'aa. Mwaka 1986 sinema hii ilipata tuzo saba za Oscar, pamoja na ile ya filamu bora, ile ya upigaji picha na ile ya muziki wa John Barry. Kwa picha na muziki sina ubishi nazo.

Sasa ondoa vilima, ondoa ndege, ondoa muziki. Hadithi inayobaki ni hii. Karen, mwanamke wa Denmark mwenye fedha za kwao, anaolewa na Bror Blixen, mwenye cheo cha ubaroni lakini mfuko mtupu. Wanakwenda Kenya kufuga ng'ombe wa maziwa. Karen akifika anakuta bwana ameamua kupanda kahawa, bila hata kumwuliza mwenye fedha. Kisha bwana anashinda mawindoni na kwa wanawake wengine. Anakuja mwanamume wa pili, Denys, mwenye ndege, vitabu na gramafoni. Anakuja, anaondoka, anarudi. Karen anataka ndoa, Denys hataki. Kahawa inaungua, shamba linauzwa, Denys anakufa katika ajali ya ndege, Karen anarudi kwao. Basi. Kwa dakika 161, hicho ni kitambaa chepesi.

Wembamba huo unaonekana zaidi kwa Denys. Robert Redford ni mzuri wa sura, tena anamwosha Karen nywele kando ya mto kwa upole ambao wengi wetu hatujauona tangu fungate. Lakini mtu huyu anataka nini maishani? Anaogopa nini? Sinema inatuambia tu kwamba anapenda uhuru wake. Akisema hahitaji karatasi ya kumthibitishia mapenzi, muziki unapanda na jua linazama, na msichana wa miaka 17 anaona ni maneno ya hekima. Mwambie aizime sauti, asikilize maneno peke yake. Atamsikia mwanamume anayetaka kukuta chakula mezani, kitanda kimetandikwa na taa imewashwa, kisha aondoke siku anayotaka bila kuulizwa. Mwanamume wa namna hiyo hahitaji ndege. Wengine huja kwa baiskeli.

Pale sinema ingeweza kuwa nzito, inapita mbio. Bror anamwambukiza mkewe kaswende. Karen halisi alilazimika kurudi Denmark mwaka 1915 kutafuta matibabu, zama hizo wakitumia dawa zenye sumu ya zebaki na aseniki, na hakupata mtoto maisha yake yote. Mke mwaminifu aliyeletewa ugonjwa nyumbani na mumewe! Jambo hili linajulikana katika nyumba nyingi na husemwa kwa kunong'ona. Hapa kuna machozi ya kweli. Meryl Streep ana uso wa kulibeba, na anaanza kulibeba, lakini mara tumekwisha kurudi kwenye mandhari. Ningewapa heroe wote kwa robo saa ya mwanamke huyo akiwa peke yake melini, akifikiri atamwambia nini mama yake.

Na wale Wakikuyu? Katika sinema wanatembea, wanabeba, wanangoja. Ardhi ile walikuwa wakiishi na kulima kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba siku kadhaa kila mwaka. Sinema haituketishi hata mara moja ndani ya nyumba ya mama mmoja wa Kikuyu tusikie anaogopa nini shamba likiuzwa. Badala yake Karen anapiga magoti mbele ya gavana kuwaombea mahali pa kukaa. Sehemu ile inagusa, tena si uongo kwamba alihangaika kwa ajili yao, mpaka wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Lakini ni hofu yao, na kamera iko kwenye gauni lake. (Gauni lenyewe halina doa, katika udongo mwekundu wa Ngong. Nilijiuliza dobi ni nani.)

Mtazameni pia Kamante, mtoto mwenye kidonda mguuni anayekuja kuwa mpishi. Katika kitabu cha Karen cha mwaka 1937, mtoto huyo anapelekwa hospitali ya misheni ya Waskoti, anakaa miezi mitatu, na kurudi siku ya Pasaka amepona, naye amekuwa Mkristo. Hiyo peke yake ni hadithi nzima. Sinema inaichungulia, kisha inaendelea na safari zake.

Kuna jambo moja dogo lililonishika. Mwanzoni Karen anawavalisha watumishi wa mezani glavu nyeupe. Mwishoni, nyumba ikiwa tupu, anamvua mmoja wao glavu zile kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna heroe, hakuna muziki wa kutulazimisha. Ukiona sehemu hiyo utajua kwamba watengenezaji walijua kusimulia. Walichagua tu kutazama dirishani.

Kwa wanaouliza kama inafaa nyumbani: wadogo watalala kabla ya nusu. Mambo ya chumbani yapo, ingawa kamera ina haya. Kwa mabinti wakubwa, iangalieni pamoja, na pale Denys anapokataa ndoa isimamisheni kidogo mwulizane. Wanaokaa karibu na Nairobi wanaweza kwenda kuiona nyumba ya Karen, ambayo Serikali ya Denmark iliipa Kenya kuwa zawadi ya uhuru, na tangu 1986 ni makumbusho. Vilima vinaonekana kutoka bustanini, bila Redford.

Na kwa kuwa ni karibu saa tatu, injikeni maharagwe kabla hamjaanza.