Rashi Ijayo Tumtangulize Mwalimu

Ndugu zangu wa Shinyanga na Geita, nataka tuseme juu ya watoto wa rashi. Habari huvuma kwamba dhahabu imeonekana porini, na kabla mwezi haujaandama mara mbili pori lina maturubai, mama ntilie, na karasha zinazonguruma usiku kucha. Mawe yakikata, watu huhama. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu huhama nao akiwa na ndoo ya kifusi kichwani, na jina lake hubaki katika daftari la mahudhurio.

Tunamwita mtoro. Mimi nasema shule ndiyo iliyomtoroka, maana tuliijenga kwa ajili ya watu wasiohama.

Watu kukusanyika ghafla si jambo geni upande wetu huu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Walikuwamo wenye damu mikononi na walikuwamo wasio na hatia, turubai kwa turubai. Walitoka katika nchi ambako redio iitwayo RTLM iliwachochea watu wawaue jirani zao. Mwaka 1995, JRS, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi ambalo Padre Pedro Arrupe alilianzisha mwaka 1980, likafungua Redio Kwizera hapo hapo Ngara. Itafakarini busara hiyo: sumu iliingia kwa mlango wa redio, na dawa ikapitishwa mlango uleule. Hata jina lenyewe, kwa Kinyarwanda na Kirundi, ni kuamini na kutumaini. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini redio ikabaki, na sauti yake ikaendelea kusikika hata huku Geita na Kahama.

Wajesuiti wanazo pia shule zenye sifa, Loyola ya Dar es Salaam na St. Peter Claver ya Dodoma. Naziheshimu. Lakini mtoto wa maduara ya dhahabu ya Nyarugusu, Geita, atafikaje huko, ikiwa hata shule ya kijiji imemshinda? Kwetu somo kubwa ni lile la Ngara: kumhudumia mtu pale alipotupwa, bila kumngoja kwanza atulie.

Na sauti ya redio humfuata mtu mpaka mwaloni, panapooshewa dhahabu. Pale mama hulichoma donge la dhahabu na zebaki juu ya jiko, mtoto akiwa mgongoni, na ule moshi wote wawili wanauvuta. Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mama huyo hausomi mkataba. Redio anaisikia. Na baba anayehesabu ng'ombe wa mahari ya binti wa miaka 15 anaisikia pia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliukuta mkoa wa Shinyanga ukiongoza nchi: kati ya wanawake vijana 100, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Aibu hiyo ni yetu, wala tusimtafute mgeni wa kumbebesha.

Enyi madiwani, tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017 kampuni za migodi hukubaliana nanyi kila mwaka namna ya kuihudumia jamii. Madarasa ya matofali ni mema, jengeni. Ila fungu moja liwe la mwalimu anayehama na watu, mwenye ubao wa kukunja na redio ya kuwasikilizisha watoto vipindi vya masomo. Nanyi wenye maduara, mtoto akija kuomba kazi ya kuponda mawe, msimpe nyundo. Mwelekezeni kwa mwalimu huyo.

Rashi nyingine itazuka, pengine kabla ya masika. Siku turubai la kwanza la mama ntilie litakaposimama, la pili liwe la mwalimu, na ubao wake uelekee njiani, mtoto mwenye ndoo auone anapopita.